Maji Huenda kwa Jivu

Tamale,
Ijumaa, 16 Januari 1998

Mama mdogo Birago,

Nakusalimu asubuhi na jioni, maana sijui barua hii itakufikia saa ngapi. Mgongo unaendeleaje? Na Georgina hapo kwenye kibanda chake cha ushonaji hajambo? Mwambie lile gauni alilonishonea la kumalizia shule linanibana mabegani, ila nalivaa hivyo hivyo. Wanawake wa hapa hunisimamisha waniulize limeshonwa wapi, nami nachelewa kujibu mpaka wanaondoka.

Huku sote wazima. Dada Sekyiwaa alijifungua Alhamisi ya wiki jana, mtoto wa kike, na jana tumemtoa nje kumpa jina. Mzee aliyeshika vikombe viwili, cha maji na cha pombe, alichovya kidole akamgusisha mtoto ulimi. "Ukisema maji, yawe maji. Ukisema pombe, iwe pombe." Mtoto akakunja uso kwa vyote viwili. Kisha Shemeji Asamoah akataja jina, nami nilikuwa nimebeba trei ya bilauri, nikakaribia kuiangusha. Yaa Birago. Ndiyo, Mama, amepewa jina lako.

Huku upepo wa vumbi umechachamaa. Asubuhi tunajifunika mablanketi, mchana midomo inapasuka. Matokeo ya mtihani bado. Nafua nepi, napika, na zikikauka nazikunja. Napenda kazi hizi kwa sababu hazinitaki niongee.

Nikueleze jambo dogo. Jirani yetu Mma Fuseina analima mboga karibu na bwawa. Juzi aliniita nimshikie beseni akimimina mbolea nyeupe, ile kama chumvi, ndani ya maji na kuikoroga. Beseni likawa baridi mikononi mwangu hadi vidole vikauma, na jua lilikuwa utosini. Akanicheka. "Wewe binti wa msituni, mbona unatetemeka? Umeshika barafu?" Nilitaka kumwambia kwamba mbolea ile inapoyeyuka hunyonya joto. Hulichukua kwenye maji, kwenye beseni, kwenye mikono ya mtu, popote inapolipata. Mwalimu Ntiamoah alituonyesha hivyo darasani kwa bilauri na kipimajoto, zebaki ikashuka tukiitazama. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Ndiyo, Mma, ni baridi." Basi.

Siku hiyo mwalimu alituonyesha na bilauri ya pili, ambayo zebaki yake ilipanda. Hiyo nitakueleza siku nyingine, mtoto analia.

Lile debe la soda kali ya sabuni uliloletewa na yule mchuuzi Madam Frema umelifungua? Kama bado, haliwezi kukaa mpaka nirudi?

Mwanao,
Dufie


Nkrankrom, njia ya Goaso,
Jumapili, 1 Februari 1998

Dufie, mwanangu wa vitabu,

Barua yako imefika Ijumaa, imekunjamana kama leso ya mtu mwenye mafua. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, Georgina akisikiliza huku cherehani imesimama. Anasema kama gauni linabana mabegani si kosa lake. Wewe ndiye uliyepimwa umeinama.

Kwa hiyo nimezaliwa tena, na safari hii sina jino hata moja! Mpe salamu Birago mwenzangu na umfundishe mapema. Birago halali mchana. Birago hakatai chakula. Na Birago hajibishwi.

Sisi wazima, ila mwaka huu haujatupenda. Ule ugonjwa mweusi umekula nusu ya kakao, na mvua isiyo na adabu ikanyesha maganda yakiwa uani yanakauka. Yameoza. Nimechoma yaliyopona, na jivu lake halijazi hata chungu kimoja. Sabuni nyeusi nitaipika kwa jivu gani? Na mwenzangu aogeshwe kwa sabuni gani, kile kisabuni cha dukani chenye picha ya mwanamke anacheka? Anacheka nini?

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi ya tarehe 14 nafungua debe la Madam Frema. Anasema huhitaji kuni, wala kukaa jikoni tangu jogoo mpaka jioni ukikoroga. Sabuni hiyo inajipika yenyewe. Nikamuuliza moto wake uko wapi. Akasema, "Birago, moto umo humo ndani, umelala." Mgongo wangu ulipolisikia hilo ulitaka kucheza ngoma.

Nitamwaga nusu ya debe kwenye beseni kubwa, nisawazishe kama tunavyosawazisha jivu, kisha nimimine maji juu yake kwa kibuyu, taratibu, kama mama yangu alivyonifundisha nami nikakufundisha wewe. Maji huenda kwa jivu. Jivu haliondoki mahali pake kutafuta maji, kama vile mkubwa haondoki kitini kwenda kumwamkia mtoto. Hilo ulilijua kabla hujajua A.

Unauliza kama debe haliwezi kukusubiri. Likusubiri kwa nini? Ukiwa na neno, liseme. Huna, nilelee mwenzangu.

Kipande cha kwanza cha sabuni ni chake.

Mama yako mdogo,
Birago


Tamale,
Jumanne, 10 Februari 1998

Mama mdogo,

Nisamehe, salamu nimezikata. Sote wazima. Barua yako imefika jana jioni, na lori la viazi vikuu linaondoka kwenda Kumasi saa tano. Dereva ameahidi kumkabidhi mwenzake wa Goaso barua hii. Naandika nimesimama.

Usimimine maji juu ya ile soda. Tafadhali, Mama.

Jivu letu ni pole. Ukilimwagia maji huwa vuguvugu tu, yanachuruzika chini tone tone. Soda ile si jivu, hata kama Madam Frema anaiita jivu la Wazungu. Inapokutana na maji inaachia joto, jingi, kwa mkupuo. Hiyo ndiyo bilauri ya pili ambayo sikukueleza. Mwalimu alitia vijiko viwili tu ndani ya maji na bilauri haikushikika. Na hapo ilikuwa soda kidogo katika maji mengi, maji yakaligawana lile joto. Ukigeuza, ukatia maji machache juu ya soda nyingi, joto lote linabaki pale pale maji yalipogusa, halina pa kwenda. Maji yanachemka papo hapo na kuruka, na yanaruka na soda ndani yake. Inakula ngozi. Jicho inalila upesi zaidi.

MAJI YATANGULIE BESENINI, MENGI, YA BARIDI. SODA IFUATE, KIDOGO KIDOGO, UKIKOROGA. SIMAMA MBALI, USIINAME.

IKIKURUKIA, OSHA KWA MAJI, MAJI TU, MUDA MREFU. USIPAKE MAFUTA.

Najua hapo nyumbani mtu hageuziwi alivyofundishwa na mama yake, na mimi si wa kukugeuza. Nakuomba usinione nimekuvunjia heshima.

Na kuna jambo jingine, nimelibeba tangu nilipoondoka. Nilijua siku ile ile. Madam Frema alipofungua debe uani kutuonyesha vile vipande vyeupe kama magamba ya samaki, wewe ukasema, "Basi ni yale yale, maji huenda kwa jivu," naye akasema ndiyo. Mimi nilikuwa mlangoni na begi langu. Nilisema, "Mama mdogo…" Madam Frema akageuka. "Ala! Kumbe msomi wenu ana ulimi? Haya, tufundishe!" Mkacheka wote watatu, na Georgina, na si kwa ubaya. Mimi nikasema nilikuwa naaga tu. Nikaenda kupanda gari.

Dereva ananipigia honi. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Dufie


Tamale,
Ijumaa, 27 Februari 1998

Mama mdogo mpendwa,

Hujambo? Mgongo? Georgina? Huku wazima. Birago mdogo ameanza kutazama mtu usoni bila kupepesa, Dada anasema ni jina linafanya kazi. Baridi ya vumbi imekwisha, sasa ni joto. Kuta za nyumba zinatoa joto kama mtu mwenye homa. Maji ya bombani mchana yanatoka ya moto bila mtu kuyachemsha.

Sijapata jibu. Labda umelituma na liko njiani.

Nimekwenda kituo cha malori mara sita. Mara ya kwanza sikuweza kumuuliza mtu, nilisimama karibu na magunia mpaka yakapakiwa yote, nikarudi nyumbani. Mara ya tatu niliuliza. Dereva wa viazi anasema alimkabidhi mwenzake barua pale Kumasi, Jumatano, na mwenzake huyo hajaonekana tena huku. "Mbona una wasiwasi hivyo, dada mdogo? Ni mchumba?" Wakacheka. Nikasema hapana, ni sabuni. Wakacheka zaidi.

Jana nilimwogesha mtoto nikasahau kupima maji kwa kiwiko. Hayakuwa moto, Mungu alisaidia, lakini Dada aliniona. "Dufie, mwili wako uko hapa, wewe uko wapi?" Sikumwambia. Yeye anadhani nawaza matokeo.

Usiku sitaki kulala na mchana siwezi kukaa. Naanza kufagia chumba, nakiacha katikati naenda kuteka maji, nayaacha naenda kuangalia kama mtu wa posta amepita. Mtu wa posta hapiti Ijumaa. Najua hapiti Ijumaa.

Kama sabuni ilitoka vizuri, andika tu "ilitoka". Sitauliza uliifanyaje.

Mwanao,
Dufie


Nkrankrom,
Jumapili, 8 Machi 1998

Kwa Dufie,

Huu ni mwandiko wangu mimi Georgina. Mama yako mdogo yuko hapa kwenye stuli karibu na cherehani na ndiye anayesema, mimi naandika tu. Anakusalimu. Anasema nyumba nzima ni wazima na mgongo umetulia.

Anasema haandiki mwenyewe kwa sababu ya mkono. Nimemuuliza mkono una nini ili niandike. Anasema niandike umekufa ganzi. Nimemuuliza upi. Anasema, "Wowote!" Basi, umekufa ganzi.

Anasema sabuni haikutoka, soda ile haikuwa nzuri, na Madam Frema akipita tena hapa ataondoka na kichwa kikubwa kuliko alichokuja nacho. Anasema habari ya sabuni iishie hapo.

Anauliza mtoto ananyonya vizuri. Anauliza ana nywele. Anauliza wewe unakula, maana huwa huli ukiwa na jambo.

Anasema urudi nyumbani Dada yako atakapopata nguvu. Msimu mdogo wa kakao unakuja na yeye anahitaji mtu wa. Amenyamaza. Anahitaji mtu, basi. Nimemuuliza, mtu wa nini? Anasema kama ningeshona gauni zangu kwa bidii ninayoulizia mambo ya watu, zisingembana mtu mabegani.

Amemaliza. Anasema niweke jina lake hapa: Birago.

Dufie, sasa ameingia ndani kulala, na haya ni yangu. Hakuna mkono uliokufa ganzi. Ni jicho, la kushoto, na ngozi ya shavu chini yake. Ilikuwa Jumamosi ile ile aliyokutajia. Alilazwa Goaso siku kumi na mbili. Anajifunga kitambaa na hataki watu wamtazame, mimi naongea naye kwa upande. Ameniapisha nisikuandikie hili, nimeliandika. Ameniapisha pia nisiseme lolote juu ya barua yako ya lori la viazi. Kiapo kimoja nimekivunja, cha pili nakiacha. Usiniulize.

Georgina


Tamale,
Jumapili, 22 Machi 1998

Mama mdogo,

Nakusalimu. Mtoto ananyonya, nywele anazo, nyingi, zimesimama kama brashi. Dada ameshapata nguvu, wiki hii ameanza kwenda sokoni mwenyewe. Na mimi nakula.

Georgina asigombezwe. Ningejua tu, hata bila yeye. Mtu hafi ganzi mkono "wowote".

Nimeandika barua hii mara nne. Ya kwanza ilieleza kwa nini soda inaachia joto, kurasa tatu, na michoro. Nikaichana, kwa sababu nani anaihitaji sasa? Ilihitajika mwezi wa kumi na mbili, uani kwako, kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo sentensi hiyo mdomoni. "Mama mdogo, soda hutiwa kwenye maji." Maneno sita. Nilikuwa nayo, nikayameza, nikapanda gari na gauni langu jipya. Barua ilipokuja kutumwa, ikatumwa kwa lori la viazi, na sasa najua ilichelewa.

Matokeo yametoka. Shemeji aliniletea karatasi mwenyewe. Nimepata A katika Kemia. Nyumba nzima ilipiga makofi, Mma Fuseina akaleta bakuli la tuo, ugali wa huku. Mimi niliikunja karatasi ile nikaiweka chini ya godoro la mtoto, isionekane. Mtahini hakuniuliza nilikifanyia nini nilichokijua. Aliniuliza nilichokijua tu.

Umesema nirudi. Mama, sitaweza. Si kwa sababu ya kazi, ningekutekea maji, ningekusomea, ningekuchomea maganda mpaka nizeeke. Ila kila asubuhi ningekuja kukuamkia, nawe ungenitazama kwa jicho moja, na mimi ningejua. Shemeji anasema zipo nafasi hapa za kufundisha shule ya msingi kwa waliomaliza kama mimi. Nitaomba, ingawa sijui mwalimu asiyesema anafundisha vipi.

Usinijibu ukiona ni vigumu.

Dufie


Nkrankrom,
Jumapili baada ya Pasaka, 19 Aprili 1998

Dufie,

Ni mimi, kwa mkono wangu, na mistari ikipanda mlima usiilaumu, nimeandika kichwa kikiwa upande kama kuku anayechungulia mtama. Salamu zako zimefika. Nywele za mwenzangu zimenifurahisha. Mimi pia nilizaliwa nazo zimesimama, muulize yeyote.

Nimechelewa kukujibu. Mwezi mzima kasoro siku tatu tangu ulipoandika, nimehesabu. Karatasi ilikuwepo na kalamu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mimi.

Barua yako ya lori la viazi haikuchelewa.

Ilifika Ijumaa tarehe 13, siku moja kabla, tukitwanga fufu ya chakula cha jioni. Dereva aliniletea mpaka mlangoni. Niliisoma yote. Herufi zako kubwa hata kipofu angezisoma, na ukitaka kucheka cheka, Georgina alicheka. Nilisoma maji yatangulie, nilisoma usiiname, nilisoma na ile habari yako ya kusimama mlangoni na begi. Nikasema moyoni: huyu niliyemfundisha kusugua chungu, leo ananifundisha maji! Nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la kitambaa changu kiunoni. Jumamosi nilikuwa nayo kiunoni, Dufie. Nilimimina maji na barua yako iko kiunoni.

Kibuyu cha kwanza beseni lilitoa mlio kama mafuta yanapopokea samaki. Georgina akasema, "Birago, hebu rudi nyuma." Nikamwambia akashone. Cha pili niliinama nione moto uliolala unaamkaje. Ukaamka.

Sasa sikiliza kwa makini. Georgina alikuja mbio na chupa ya mawese, kwa kuwa hapa kwetu mtu akiungua hupakwa mawese, na hata mimi nimewapaka wengi. Na mimi niliyekataa mistari yako yote, mmoja ulinijia. Nikapiga kelele, si mafuta, maji! Georgina anasema sikusema hivyo tu. Anasema nilikuwa napiga kelele, "Dufie amesema! Dufie amesema!" mpaka watu wa kanisani wakasikia. Mimi sikumbuki. Walinimwagia pipa zima la mvua, kisha wakateka kwa jirani, kisha kwa jirani yake. Kule Goaso daktari aliniuliza ni nani aliyeniambia nijioshe muda wote huo. Nikamwambia, mwanangu. Kwa jicho la kushoto naona mwanga na vivuli, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Daktari anasema bila yale maji nisingeona hata pazia.

Ndiyo maana nilimwapisha Georgina. Si kukulinda wewe. Nilikuwa najilinda mimi. Nikaisoma barua yako ya mwezi wa tatu, nikaona umejitwika mzigo wangu kichwani na unatembea nao, na bado nikanyamaza, wiki mbili. Wewe ulinyamaza mara moja, mtoto mbele ya watu wazima watatu wanaocheka. Mimi nimenyamaza nikiwa na miaka hamsini na moja na hakuna aliyenicheka. Nani kati yetu aone aibu? Usijibu. Au jibu.

Itoe hiyo karatasi ya A chini ya godoro, mtoto ataikojolea.

Umesema huji. Vizuri. Basi jivu litaondoka mahali pake. Alhamisi ya tarehe 7 Mei nitapanda basi, nilale Kumasi kwa binamu yetu, Ijumaa nitakuwa Tamale. Nakuja na nusu ya debe iliyobaki, Georgina ameifunika vizuri na kuifunga kwa kamba kama mbuzi. Mafuta ya kupikia sabuni nitakuja nayo pia. Utanionyesha inavyofanywa, kwa sauti, mbele ya dada yako, na umwite na huyo Mma Fuseina anayependa kucheka. Nikikosea unanizuia. Nikiuliza kwa nini, unanieleza kwa nini. Birago atajibishwa.

Na jicho langu nalileta. Litazame, umalize.

Mama yako mdogo,
Birago


Tamale,
Jumatano, 29 Aprili 1998

Mama mdogo wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi na hii inaondoka leo na lori la viazi, ili ikukute kabla hujafunga mizigo. Salamu kwa Georgina. Sina salamu ya kumtosha, nitaitafuta.

Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye sakafu, kisha nikamsomea Dada. Nilimsomea yote, na yako ya mwezi wa pili pia, nikamsimulia na yale ya mlangoni ambayo hakuwa ameyajua. Ilichukua muda. Dada alilia, kisha akasema, "Umeongea dakika kumi mfululizo, nilikuwa nahesabu."

Mambo ya safari. Njoo na nguo za mikono mirefu. Debe lisilowe, mvua za kwanza zimeanza huku, lishike mapajani, lisiwekwe juu ya basi. Shemeji ametupatia miwani yake ya pikipiki, na ameazima nyingine kwa mwenzake, utavaa wewe moja na mimi moja. Nimenunua ndoo mpya ya plastiki na mwiko wa mti wa mpini mrefu. Sufuria zetu ni za alumini, soda hiyo inazila, kwa hiyo usibebe sufuria.

Kila siku nafanya mazoezi kwa sauti. Namweka Birago mdogo kwenye mkeka, namwambia, maji kwanza. Ananitazama bila kupepesa. Namwambia, soda baadaye, kidogo kidogo, na sasa utaona mvuke, usiogope, joto ni lile lile lakini safari hii lina maji mengi ya kuingia. Anapiga chafya. Leo Mma Fuseina alinikuta katikati ya somo, akauliza naongea na nani. Nikamwambia. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamweleza na ile mbolea yake, kwa nini beseni lilikuwa baridi siku ile, joto lilikwenda wapi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miezi minne nakaa karibu na mtu nikidhani ni bubu." Atakuja Jumamosi, na dada zake wawili.

Naogopa, Mama. Sauti itakuwa ndogo mwanzoni. Ukiona naanza kunyamaza, nitazame. Nami nitakutazama.

Ndoo iko mlangoni. Jioni ya siku utakayofika nitaijaza, nusu na kidogo zaidi, maji ya mtungini yaliyopoa. Wewe hukunigusisha ulimi nilipozaliwa, ulikuwa mbali, lakini kuna aliyenigusisha. Nikikuambia haya ni maji, yatakuwa maji.

Mwanao,
Dufie